Filimbi ya Mchana

Nitege? Ninaye ndama wangu, hana mguu wala mkia, analala kifuani mwa mtu. Akilia, mtaa mzima unatoka na fimbo.

Mji siutaki, jibu nawapa bure. Ni filimbi.

Filimbi ninayoisema ilikuwa ya mwanangu Masele, kamanda wa sungusungu, walinzi wa mtaa wetu huku Nyakato, nyuma ya viwanda vya samaki. Sheria yake haikuandikwa popote, ila hata mtoto wa chekechea anaijua. Ikilia kwa vipande vipande, kuna mwizi. Unaacha ulichoshika, unachukua fimbo, unaifuata sauti. Anayekimbilia sauti ni mwenzetu, anayeikimbia ndiye mwizi. Na hakuna wa kuizima ila yule yule aliyeiwasha, kwa mlio mmoja mrefu. Ila mtu akiiwasha bure, pasipo mwizi, ananyang'anywa filimbi na haongozi tena kitu chochote, hata kikundi cha kuzika.

Sheria hiyo ilitulinda miaka mingi. Sasa sikilizeni ilivyotuuma.

Shule yetu ya msingi haina mpishi wa kuajiriwa. Wazazi ndio tunaopika, kwa kujitolea, kwa zamu, uji asubuhi na makande mchana. Kiongozi wa jiko, ambaye ndiye mwenyekiti wa wazazi, alikuwa Sada, fundi cherehani, jirani yangu, mke wa Nurudin anayefua majiko ya bati. Sada aliliongoza lile jiko tangu halijapata paa, tukipika huku tumejifunika magunia mvua ikinyesha. Ufunguo wa stoo aliufunga kwenye pindo la khanga, mchana kutwa, kama mtu anavyobeba hirizi.

Alikuwa mkali, simfichi. Siku moja mkwe wangu Teodora, mke wa Masele, aliacha makande yakaungua akipiga soga kwenye simu. Sada akamnyang'anya mwiko mbele ya wanawake wote. "Nenda kaongee vizuri," akamwambia. "Watoto hawali maneno." Wanawake wakacheka. Teodora alirudi nyumbani macho mekundu, akalala na aibu hiyo. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na wimbo mwingine: Sada atoke.

Na sababu wakaipata. Bushra, kitinda mimba wa Sada, alimaliza darasa la saba mwaka jana. Basi Masele akaanza kupita nyumba kwa nyumba. "Mwenyekiti wa wazazi ambaye hana mtoto shuleni ni kama mchungaji ambaye hana ng'ombe," alisema. "Anachunga nini? Anachunga stoo?" Yeye alikuwa na Rebeka wake darasa la tatu. Watu waliitikia kwa vichwa. Neno lilikuwa na ukweli ndani yake, na neno lenye ukweli kidogo ndilo linalotembea mbali.

Mkutano ukawekwa Jumamosi, uwanjani. Mwalimu mkuu alikuwa amevuka daraja la Busisi kwenda kuzika kwao, akamwachia mkutano Mwalimu Odeta, binti mdogo wa watu, na agizo moja: wachague wanayemtaka, makabidhiano yatangoja nirudi Jumatatu.

Sisi tunachagua kwa kusimama. Wagombea wanasimama mbele, kila mtu anajipanga nyuma ya mtu wake, hakuna kuficha uso. Masele alisimama upande wa mlingoti wa bendera, filimbi inaning'inia kifuani. Sada alisimama upande wa jiko. Watu wakaanza kutembea.

Mimi nilisimama nyuma ya Sada.

Mwanangu namjua. Akipewa fimbo ya kuchungia, anaifanya ya kupigia. Aliniona. Misuli ya shavu ilimcheza. Mstari wake ulifika mpaka vyooni, wa kwetu haukufika hata bombani. Alishinda, tena kwa haki, na hilo pia sifichi.

Sada akamfuata akampa mkono. "Hongera, baba. Jiko ni lako. Ufunguo Jumatatu, mbele ya mwalimu mkuu, kama alivyoagiza."

"Leo," Masele akasema.

"Jumatatu."

"Mwenyekiti ni nani hapa? Si wameshasimama? Au mwenzetu macho hayaoni mstari?"

"Nauona. Na agizo nalo nimelisikia. Mwalimu Odeta, si ulilisoma wewe?"

Odeta akafungua mdomo. Teodora akamkatisha. "Huyo hataki kutoka! Kaishi kwenye stoo kama panya, sasa anaogopa mwanga!"

"Panya hapiki," Sada akasema taratibu. "Wala haunguzi makande."

Kicheko kikalipuka, kilekile cha siku ile. Hapo ndipo moto ulipoingia majanini. Teodora alimrukia. Alikusudia pindo la khanga, alikamata mtandio, na akauvuta na nywele zake. Mtandio ukachanika. Sada akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume wa mtaa mzima, mke wa Nurudin, mama wa watu ambaye hata mimi jirani yake nywele zake nilikuwa nimeziona msibani tu.

Sada hakulia. Alimshika Teodora mkono akamuuma mpaka damu ikatoka. Teodora akapiga yowe, akampiga kiwiko cha mdomo. Ndugu wa huyu wakamvaa ndugu wa yule. Viti vya darasani vikaanza kuruka. Niliona mzee mmoja, mtu wa kanisani, anampiga mwenzake kwa kiatu cha mwenzake. Odeta aliingia katikati ameinua mikono, akapigwa ngumi ya sikio, akaanguka, akatambaa mpaka ofisini akajifungia akiita polisi kwa simu.

Masele alipaza sauti, "Kaeni chini! Kaeni chini nasema!" Hakuna aliyekaa. Alikuwa mwenyekiti kwa muda usiozidi kuchemka kwa chai, na hakuna aliyemsikia. Nikaona mkono wake unakwenda kifuani.

"Masele, hapana!" nilipiga kelele. "Mwanangu, si hiyo!"

Akaitia mdomoni akapuliza. Kwa vipande vipande.

Alitaka kimya, nadhani. Alizoea kwamba akipuliza, watu humtii. Alisahau anachokiita.

Palikuwa na kidonda mtaani, lazima mkijue. Wiki hiyo tulikuwa tumemzika Jonathan, kijana wa bodaboda. Walimkodi kwenda Nyegezi, wakamkata njiani, wakachukua pikipiki. Kaka yake Josephat alikuwa hajalala sawasawa tangu tuurudishe mwili wake. Yeye na vijana wenzake wa kijiweni walikuwa wanakaa na nondo zao mapajani mchana kweupe, wakingoja filimbi moja tu. Sasa hiyo hapo ikalia.

Na Sada alikuwa anakimbia.

Alikimbilia jikoni akajifunike. Khanga ya kupikia huwa inatundikwa kwenye msumari mle ndani, ndiyo aliyoikimbilia, mikono juu ya kichwa, aibu inamsukuma mgongoni. Mwanamke yeyote wa kwao angefanya hivyo. Lakini Josephat na wenzake waliporuka ukuta wa shule uliobomoka, walichokiona ni mtu anayeikimbia filimbi.

"Mwizi wapi?"

"Mshikeni!" Teodora akapaza sauti, mkono wake unachuruzika damu. "Mshikeni huyo, ufunguo anao!"

Nondo ya kwanza ilimpata mkononi. Niliusikia mfupa. Mnajua sauti ya muhindi ukivunjwa shambani? Hivyo. Akaanguka mlangoni mwa jiko, uso chini, na wakamfunika. Wengine walikuwa wanatoka viwandani na aproni zao za plastiki, wengine sokoni. Hawakuuliza jina, waliuliza nafasi ya kupiga. Jiwe, teke, fimbo. Vumbi likawa jekundu. Nurudin alikuja mbio kutoka bandani kwake, nyundo ya bati bado mkononi, akiita, "Mke wangu huyo! Huyo ni mke wangu jamani!" Wakaona nyundo tu. Wakamvunja magoti akalala hapo hapo, anamnyooshea mkewe mkono usioweza kumfikia.

Nyumba yangu ina miguu mingi, haina sikio hata moja. Ndilo kundi hilo. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka: ni Sada, ni Sada, kawapikia uji nyinyi nyote! Ni kama kuongea na mvua.

Basi sikumkimbilia Sada. Nilimkimbilia mwanangu, maana yeye peke yake ndiye mwenye kuzima.

Alisimama pale kwenye mlingoti, filimbi kwenye midomo, macho yamemtoka.

"Puliza! Mrefu! Puliza wamwache!"

"Mayu..." Akimwita mama yake kwa Kisukuma, ujue anaogopa.

"Wanamuua!"

"Nikipuliza bila mwizi nimekwisha, mayu. Filimbi wanachukua. Uenyekiti wanachukua. Leo leo. Hata saa haijapita."

"Na asipokuwepo mwizi akawepo maiti?"

Nyuma yangu nikasikia jiwe linatua mahali pasipo mfupa mgumu, na Sada akatoa sauti kama mbuzi. Masele alifumba macho. Hakupuliza.

Nikamkamata ule uzi wa filimbi shingoni, nikavuta kwa mikono yote miwili, nikampiga kofi, nikamvuta tena. Yeye akanisukuma. Sisemi alikusudia. Lakini mkono ni wake, na kifua kilichosukumwa ni cha mama yake. Nikaenda chali, kisogo kikakuta lile zege la mlingoti, na jua likazimika kidogo likawaka tena. Uzi ulikatika. Filimbi ilikuwa kwenye ngumi yangu. Damu ilinishuka shingoni, ya moto.

Niliipuliza mwenyewe, nimelala vile vile. Mlio mmoja mrefu. Kijana mmoja akageuka, akaona ni mdomo wangu, akarudi kwenye kazi yake.

Ila Josephat aligeuka naye, na yeye hakurudi. Alikuwa ameona. Watu walimwona anatazama, nao wakatazama: bibi kizee chini, damu, na mwanawe wa kumzaa amesimama juu yake na mkono bado umenyooka.

"Kampiga mama yake," mtu akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Kwetu mtu akiiba ng'ombe anaweza kulipa. Akimwangusha mama yake hakuna cha kulipa.

Walimwacha Sada kama mtu anavyoacha kitafunio akiona chakula. Wakaja. Masele hakukimbia, na namshukuru Mungu kwa hilo. Angekimbia wangemmaliza kwenye geti. Alisema tu, "Josephat, ndugu yangu," na Josephat akampa jiwe la mdomo. Niliona meno yakitoka. Kisha sikumwona tena mwanangu, niliona migongo. Fimbo zilipanda zikashuka kama wanawake wanaotwanga. Teodora alikuwa anazunguka lile duara akiwavuta mashati, "Mume wangu! Si yeye! Si yeye!" na mtu akamtupa pembeni kwa mgongo wa mkono bila hata kumtazama. Neno lake la kwanza walilitii mbio. La pili hawakulisikia.

Nikatambaa.

Sijui niliwapita vipi. Nilipita kati ya miguu, kati ya ndala na mabuti ya kiwandani, mtu akanikanyaga vidole nikaendelea, fimbo moja ikaniangukia mgongoni, na mwenye nayo alipojua ni mimi akasita. Kusita kwake ndiko kulikonipa nafasi. Nikamlalia Masele kifuani. Uso wake ulikuwa umefunga jicho moja, na mdomo ulikuwa shimo.

Nikamwekea filimbi. Nikaishika mwenyewe kwa vidole, maana midomo haikuwa na nguvu ya kushika.

"Puliza, mwanangu. Umeiwasha wewe."

Ilitoka damu tu, povu. Mtu juu yangu akasema, "Bibi, toka, tusije tukakuumiza."

"Puliza, Masele."

Akavuta pumzi, nikausikia ubavu unalia ndani yake. Akapuliza. Mwanzo ulikuwa mlio uliolowa, unakwama. Halafu ukanyooka. Mrefu, mrefu, mpaka nikadhani roho itatokea humo humo.

Na wakaacha. Wale wale waliokuwa hawana sikio. Nondo zikashuka. Mmoja akajifuta jasho kwa aproni yake akauliza, kama mtu aliyeamshwa, "Mwizi alikuwa nani?"

Josephat alikwenda mpaka mlango wa jiko akamgeuza aliyelala pale. Alimtazama. Ni mlangoni hapo hapo alipokuwa anapangaga foleni ya uji na kikombe cha bati, yeye na Jonathan, Sada akiwaongezea kwa sababu baba yao alikufa mapema. Josephat alikaa chini kwenye vumbi, akaweka nondo pembeni, akaanza kujipiga kichwani kwa mikono yake, na mpaka polisi wanafika walimkuta anajipiga.

Sada alikuwa hai. Hospitalini walimfunga mkono, wakamshona kichwa, na sikio moja likabaki halisikii hadi leo. Daktari alipomfungua mdomo ashone ulimi, alikuta ufunguo wa stoo. Alikuwa ameufungua kwenye pindo akikimbia, akauweka shavuni, akaung'ata wakati wote wanampiga. Nurudin anatembea na magongo. Josephat na wenzake walipelekwa mahabusu, na Masele naye, taya limefungwa kwa waya, kesi yao bado inaitwa na kuahirishwa.

Masele alipotoka kwa dhamana, mtaa ukakaa kikao. Filimbi ikawekwa katikati, haikujadiliwa. Uenyekiti naye mwenyewe hakuudai. Kisha wakamtenga: hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi na mtu mkubwa wala mdogo, mpaka Sada mwenyewe atakapoanza kumsemesha. Mimi mama yake nilimwekea uji mlangoni na kuondoka bila neno. Rebeka alipita mbele ya baba yake akitazama chini. Watoto wenzake wakatunga kitendawili chao: zizi langu nguzo zimeng'oka, ndama wametoka wote. Jibu lake ni kinywa cha Masele. Wakikitega, Rebeka anaondoka kwenye mchezo. Teodora naye alikwenda mlangoni kwa Sada asubuhi nyingi, akapiga magoti. Mlango haukufunguliwa.

Mwenyekiti mpya tulimpata, mama mmoja mpole asiyetaka, tukamlazimisha. Sada alimkabidhi mwalimu mkuu ufunguo kwa mkono wa kushoto, alama ya jino juu yake, akasema uongozi basi. Ila zamu yake ya kupika ilipofika alikuja. Mkono mmoja haukoroji makande, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, akatuongoza kwa macho. Hata mwenyekiti mpya alikuwa anamtazama yeye kwanza.

Asubuhi hiyo Masele alikuja na shoka. Alisimama nje ya uzio, palipo na magogo ya kuni za shule, kichwa chini. Hawezi kuingia mtu aliyetengwa. Mimi nilishika mwiko, nikawa siukorogi, uji ukaanza kunirukia mikononi.

Sada alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu sana, shavu lililobaki na kovu limegeukia kwake. Nikawaza: akisema nenda, ataenda, na hatarudi, na mimi nitazikwa na watu wa mbali.

"Hizo mbichi," Sada akasema. Kisha akamgeuzia uso. "Zilizokauka ziko nyuma ya choo."

Hakusema jina. Hakusema habari. Wanawake wanabishana mpaka leo kama ile ilikuwa salamu au haikuwa. Masele alisimama kidogo, kama mtu asiyeamini sikio lake, halafu akazunguka nyuma ya choo. Baadaye tukasikia shoka, kwanza polepole, ubavu bado unamuuma, kisha ikashika mwendo.

"Mama," Sada akaniita. Mtandio ulikuwa umemteleza begani na mkono mzima ulikuwa umeshika kikombe. "Njoo unifunge. Kaza, usiniogope."

Nikafuta mikono. Nikamfunga, nikakaza.